Usitie sahihi kwanza! Mawakili wa biashara wa Mombasa na wewe kijana unayeanza

Swali la kwanza ambalo wakili wa biashara atakuuliza ni hili: "Karatasi iko wapi?"

Mimi niliulizwa swali hilo katika ofisi moja ya ghorofa ya pili, Barabara ya Nkrumah, Mombasa, nikiwa nimevaa shati la kuazima. Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na simu iliyopasuka kioo, na ndani yake jumbe za WhatsApp za miaka miwili kati yangu na rafiki yangu wa tangu darasa la tatu.

Hadithi yenyewe ni fupi, na huenda ukaitambua kwa sababu ni yako pia. Sisi wawili tulianzisha kazi ya kuchapa tisheti. Mimi nilitoa akiba yangu yote pamoja na pesa alizonikopesha mama, jumla Sh180,000, tukanunua mashine. Yeye alijua mambo ya kompyuta na alikuwa na mdomo mtamu wa kutafuta wateja. Jina la biashara tulilisajili kwenye eCitizen kwa kutumia akaunti yake, eti kwa sababu intaneti yake ilikuwa na kasi. Tulikubaliana nusu kwa nusu. Tukala biriani, tukapeana mkono, kazi ikaanza.

Mwaka wa pili hoteli moja ya ufuoni ikatupa oda ya sare za wafanyakazi. Malipo yalipoingia, yaliingia kwenye akaunti ya benki yenye jina lake pekee. Wiki mbili baadaye nilifika dukani nikapata meza tupu. Mashine imeenda. Nilipompigia simu aliniambia, "Yakhe, biashara ni yangu. Angalia cheti."

Niliangalia cheti. Kweli, jina langu halikuwepo.

Sasa wewe unayesoma haya, pengine una biashara ndogo na beste yako, au unapanga kuifungua. Pengine unasomea sheria na unajiuliza kama lazima uhamie Nairobi ndipo uwe wakili wa maana. Makala haya ni yenu nyote. Nataka tuingie pamoja kwenye zile ofisi zenye vibao vya shaba mlangoni, tuone wanafanya nini humo ndani, na wewe unaweza kunufaika vipi.

WAKILI SI WA KESI TU

Wengi wetu tukisikia neno wakili tunamwona mtu wa suti nyeusi akimtetea mshukiwa kortini huku kamera zikimfuata. Hao wapo. Lakini kuna kundi jingine ambalo linaweza kumaliza miezi bila kusimama mbele ya hakimu. Hao ndio mawakili wa kampuni na biashara, na kazi yao kubwa ni kusoma na kuandika.

Kampuni mbili zikitaka kuungana, wao ndio hupekua madaftari ya kila upande kuona kama kuna deni lililofichwa. Benki ikimkopesha mwenye hoteli, wao huandika hati za dhamana. Mwekezaji akitaka hisa katika kampuni ya kijana aliyebuni programu ya simu, wao huandika nani ana sauti gani, na itakuwaje siku mkikosana. Wao huandaa pia mikataba ya kupanga maduka na ya kuajiri wafanyakazi, na hushughulikia migogoro ya ushuru na usajili wa alama za biashara.

Kwa ufupi, wakili wa kesi humwita tatizo likishatokea. Wakili wa biashara unamwita wakati bado mnacheka pamoja. Na hapo ndipo sisi vijana tunapokosea. Mkiwa mnacheka, nani anataka kuzungumzia kukosana?

KWA NINI MOMBASA SI NAIROBI

Ni kweli kampuni nyingi kubwa za mawakili nchini zina makao makuu Nairobi. Lakini Mombasa ina kazi ambazo Nairobi haina, na sababu ya kwanza ni bahari.

Fikiria meli imetia nanga Kilindini na inadaiwa, tuseme mafuta iliyouziwa au mishahara ya mabaharia. Mwenye meli yuko nchi ya mbali, hata ofisi Kenya hana. Utamshtaki vipi? Jibu ni kwamba unaishtaki meli yenyewe. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, Judicature Act, kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kusikiza kesi za baharini, na korti inaweza kuamuru meli ikamatwe. Ndiyo, meli hukamatwa kama mtu. Amri hupelekwa hadi ndani ya meli na kubandikwa, na haiondoki hadi dhamana itolewe au deni lilipwe. Kazi hiyo haina subira. Meli inaweza kung'oa nanga usiku, kwa hivyo wakili lazima aandae karatasi zake kwa saa chache.

Jambo la pili ni chai. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka wa 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, na hadi leo chai ya Kenya na ya nchi jirani kama Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa hapa kwa dola. Nyuma ya kila gunia kuna mkataba wa ghala, wa bima, wa usafirishaji na wa benki. Ongeza mizigo ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo inayopitia bandarini, na eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, utaelewa kwa nini wakili wa Mombasa hujua lugha ya makontena.

Tatu ni ardhi. Kama umekulia Majengo, Kisauni au Likoni, unajua kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, uliijenga au uliirithi, lakini kiwanja kilicho chini ni cha mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Watu huuziana nyumba hizo, huzirithisha, na hugombana juu yake. Mgeni kutoka bara anayenunua nyumba ya namna hii bila wakili anaweza kudhani amenunua kila kitu, kumbe amenunua matofali. Vivyo hivyo kwa viwanja vya ufuoni ambavyo wageni huvipenda. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99.

Nne ni benki za Kiislamu. Tangu mwaka wa 2008 tumekuwa na benki zinazofanya kazi nchini kwa misingi ya Sharia, na Pwani ina wateja wengi wa benki hizo. Katika murabaha, kwa mfano, benki haikukopeshi pesa kwa riba. Inanunua bidhaa, kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana. Mkataba wake haufanani na wa mkopo wa kawaida, na anayeuandika lazima ajue dini inataka nini na sheria ya Kenya inataka nini.

VIGOGO NI AKINA NANI?

Mombasa ilikuwa na mawakili kabla Nairobi haijawa mji. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka wa 1896, wafanyabiashara na mabenki wakafuata, na palipo na mikataba hapakosi mawakili. Daly & Inamdar, ambayo wazee wengi waliijua kama Daly & Figgis, ina historia inayorudi hadi mwaka wa 1899. Jina la A.B. Patel & Patel nalo linamkumbusha Ambalal Patel, wakili wa Mombasa aliyekuwa mwanachama wa Baraza la Kutunga Sheria enzi za ukoloni.

Ukija kwenye zama zetu, jina ambalo halikosi kutajwa ni Anjarwalla & Khanna, ambao wengi huwaita A&K. Wana ofisi Nairobi na Mombasa, na wamo katika ALN, muungano wa kampuni za mawakili kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwekezaji wa kigeni anayetaka kununua kampuni hapa Pwani mara nyingi huanza kwa majina ya ukubwa huo.

Lakini nani anasema fulani ni kigogo? Kuna vitabu vya kimataifa, kama Chambers na Legal 500, ambavyo kila mwaka hupanga kampuni za mawakili kwa madaraja. Wachunguzi wao hupokea orodha ya kazi ambazo kampuni imefanya, kisha huwauliza wateja na mawakili wenzao. Ni kipimo kizuri kama wewe ni benki ya London. Kwa kijana wa Bamburi mwenye duka la vipuri, kipimo hicho hakikusaidii sana, kwa sababu kampuni ya daraja la kwanza imejipanga kwa wateja wa mamilioni na ada zake zinafuata.

Ndiyo maana ni vizuri ujue kwamba Mombasa ina ngazi tatu. Ya kwanza ni hao vigogo. Ya pili ni kampuni za wastani, nyingi zikiwa za mawakili watano hadi kumi na tano, ambazo zimebobea katika jambo moja au mawili: bandari na bima, ardhi, hoteli au kazi za benki. Ya tatu ni mawakili wa ofisi moja, wakili na karani wake, ambao hufanya kila kitu. Mkataba wako wa biashara ya tisheti unaweza kuandikwa vizuri kabisa na ngazi ya pili au ya tatu. Usiogope kibao kidogo. Ogopa wakili asiyekusikiliza.

Na usishangae kama hujawahi kuona tangazo lao. Kwa miaka mingi mawakili wa Kenya walizuiwa kujitangaza. Kanuni za mwaka wa 2014 zililegeza kamba, lakini bado hawaruhusiwi kupiga kelele kama wauzaji wa sabuni. Wengi hupata wateja kwa kutajwa na mteja mwingine.

KARATASI TANO ZA KUKUOKOA

Yule wakili wa Nkrumah, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, rafiki yako si mwizi wa kwanza na wewe si mjinga wa kwanza. Lakini sikiliza nikwambie ulichopaswa kuwa nacho." Nami nakupa wewe kama nilivyopewa, nikiongeza niliyojifunza baadaye.

Moja, jua unasajili nini. Jina la biashara ni jina tu. Wewe na biashara mnabaki kitu kimoja, na ikidaiwa, unadaiwa wewe. Kampuni ni mtu tofauti mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kufungua kampuni ya kibinafsi peke yake, na hahitaji katibu wa kampuni mradi mtaji uliolipwa haujafika Sh5 milioni. Mkiwa wawili au zaidi, majina yenu yote yaonekane. Usikubali maneno ya "nitakuongeza baadaye".

Mbili, mkataba wa washirika au wenyehisa. Hapa mnaandika nani ametoa nini, nani anafanya kazi gani, faida inagawanywa vipi, nani anatia sahihi benki, na mmoja akitaka kutoka anatoka vipi. Swali la mashine ni ya nani lingemalizika kwa mstari mmoja. Ujue pia kwamba watu wawili wakifanya biashara pamoja kwa faida, sheria inaweza kuwaona washirika hata kama hawakuandika chochote. Hilo linaweza kukuokoa, lakini pia linaweza kukubebesha deni ambalo mwenzako alilichukua bila kukwambia.

Tatu, mkataba wa kupanga duka. Wengi hulipa na kuhamia. Kuna sheria inayowalinda wapangaji wa maduka na mikahawa, nayo inasema kama hamna mkataba wa maandishi, au muda wake hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kukufurusha au kukupandishia kodi kiholela. Lazima akupe notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, nawe unaweza kwenda katika jopo la kodi za majengo ya biashara. Vijana wangapi wamefungiwa duka kwa kufuli la mwenye nyumba bila kujua haya?

Nne, alama ya biashara. Kusajili jina eCitizen hakukupi haki ya nembo yako. Nembo husajiliwa na taasisi ya KIPI, na ulinzi wake ni wa miaka 10 ambayo unaweza kuirefusha. Kama unauza nguo, manukato au chakula kilichofungwa, hili lisikupite.

Tano, mikataba na wateja wakubwa. Hoteli, shule na kampuni hulipa polepole. Andika zitalipa lini, na zikichelewa nini kitafanyika. Oda ya mdomo kutoka kwa meneja si kitu siku meneja huyo akihamishwa.

BEI, NA JINSI YA KUTOCHEZWA

Najua unachowaza. "Wakili? Mimi? Na chapaa natoa wapi?"

Ukweli ni kwamba ada za mawakili zina sakafu yake. Kuna agizo la malipo chini ya Sheria ya Mawakili linaloweka viwango vya chini, na wakili anayetoza chini ya hapo ili kunyakua wateja anafanya kosa. Kwa hivyo ukiona mtu anakuambia atakuhamishia shamba kwa bei ya kutupa, jiulize kama ni wakili kweli. Lakini kwa kazi kama kuandika mkataba wa washirika wawili, uliza bei kabla, uliza inajumuisha nini, na uombe iandikwe. Unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Mimi na mwenzangu tungegawana ada hiyo, na ingekuwa tone kando ya ile Sh180,000.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili iliyo katika tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK. Wakili lazima achukue cheti kipya cha kuhudumu kila mwaka, na orodha hiyo itakuonyesha kama anacho. Mjini kuna watu wenye suti na mihuri ambao hawajawahi kuapishwa. Wanakaa karibu na korti na ofisi za ardhi, wanakuita "mkubwa", na wanakuandikia "agrimenti" kwa elfu mbili. Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za namna hiyo kwa malipo. Mkataba wa kuuziana ardhi nao lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe.

Ukimpa wakili pesa za kununulia kitu, kama kiwanja, pesa hizo ni zako bado. Anatakiwa kuziweka katika akaunti ya wateja, mbali na zake. Dai risiti. Na wakili akikuchezea shere, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, na kuna jopo la nidhamu linaloweza kumfutia jina kwenye orodha.

NA KAMA MAJI YAMESHAMWAGIKA?

Hapo ndipo mimi nilikuwa. Nilitaka vita. Nilimwambia mama wakili, "Mshtaki leo hii." Alivua miwani, akaniuliza: "Unataka pesa au unataka kumkomesha?" Nilikaa kimya muda mrefu, maana nilitaka yote mawili.

Kwanza alinifundisha kukusanya. Jumbe zangu zote za WhatsApp, zikiwa na tarehe. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nilimtumia muuzaji wa mashine kiasi gani na siku gani. Picha tuliyopiga siku mashine ilipofika, sisi wawili tumeikumbatia kama mtoto mchanga. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika kortini, lakini lazima uambatanishwe na cheti kinachoeleza ulitolewa kwa chombo gani na kwa njia gani. Kwa hivyo usifute chochote, na ukibadilisha simu usiitupe ya zamani.

Pili, alinieleza kwamba nina muda, ila si wa milele. Madai yanayotokana na mkataba yana miaka sita. Wapo wanaokaa wakilalamika vijiweni hadi wakati unawapita.

Tatu, alinieleza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo siku hizi iko Mombasa pia. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kwa mteja aliyechukua mzigo wako akakataa kulipa, huo ndio mlango wako.

Lakini ushauri wake wa mwisho ulinishangaza. Alisema tuanze kwa barua. Aliandika ukurasa mmoja, bila tusi hata moja. Tarehe, kiasi, ushahidi, na mwaliko wa kukutana ofisini mwake ndani ya siku 14.

Rafiki yangu alikuja siku ya 13. Hakuniangalia usoni.

UNATAKA KUWA MMOJA WAO?

Nikatize hadithi kidogo nizungumze na wewe mwanafunzi. Njia ya kuwa wakili Kenya ni ndefu lakini iko wazi. Shahada ya sheria, kawaida miaka minne. Kisha mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law, Karen, na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Katikati kuna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ukifaulu unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Alama za KCSE zinazotakiwa zimekuwa zikibishaniwa kortini mara kwa mara, kwa hivyo ulizia masharti ya sasa kabla hujalipa karo.

Uanagenzi ndio mlango wa kuingilia Mombasa. Vijana wengi wa Pwani hukimbilia Nairobi kwa sababu ya majina, wakashindania nafasi chache na maelfu ya wenzao. Ukibaki hapa, utakaa karibu zaidi na meza ya bosi, na utaona kesi ya meli, ya kiwanja na ya hoteli katika wiki moja. Andika barua mapema, peleka mwenyewe, na ueleze kwa nini unaitaka kampuni hiyo na si nyingine. Kujua Kiswahili sanifu ni mtaji pia. Mteja wa Old Town au wa Zanzibar anayefafanuliwa mkataba kwa lugha yake hatakuacha.

Kama shahada imekushinda kwa karo au kwa alama, usidhani mlango umefungwa. Kenya School of Law ina diploma ya usaidizi wa kisheria. KASNEB inatahini makatibu wa kampuni, watu ambao kila kampuni kubwa inawahitaji. Na karani mzuri wa wakili, anayejua faili iko wapi na dirisha lipi kortini hufunguliwa saa ngapi, hana bei.

NUSU KWA NUSU

Turudi Nkrumah. Mkutano ulichukua saa mbili. Rafiki yangu alisema maneno ambayo sikuyatarajia. Alisema wateja wote aliwatafuta yeye, usiku alibuni picha huku mimi nimelala, na kila mtu mtaani alisema duka ni "la yule mwenye mashine". Aliona jasho lake halina jina. Nami nilikuwa naona pesa za mama yangu hazina jina. Wote wawili tulikuwa tumechukua dhuluma ileile tukaiita kwa majina tofauti, kwa sababu siku ya biriani hakuna aliyeuliza.

Mama wakili aliandika makubaliano. Mashine ibaki kwake, anilipe Sh120,000 kwa awamu kumi, na deni la hoteli tugawane. Nilipoteza Sh60,000 na miaka miwili. Nilimlipa mama yangu shilingi yake ya mwisho mwaka uliofuata. Rafiki yangu alilipa awamu zote kumi, mbili zikiwa zimechelewa.

Leo nina duka jingine, na binamu yangu ni mshirika. Tuna kampuni, tuna mkataba wa kurasa sita, na siku ya kutia sahihi alinuna akiniuliza, "Kwani huniamini?" Nilimwambia namwamini sana, ndiyo maana nataka tubaki binamu.

Na mwezi uliopita simu iliita. Ni yeye, yule wa darasa la tatu. Amepata oda kubwa ya shule tatu na mashine yake haitoshi. Anauliza kama tunaweza kufanya kazi pamoja tena, hii moja tu.

Nilimwambia karibu. Lakini tukutane kwanza Nkrumah, ghorofa ya pili, na safari hii biriani tutakula tukitoka.